Uzoefu wangu: wiki mbili kambini na namba ya umri kwenye jalada la gemu

Nilipewa kazi ya kuchagua gemu za kambi kwa sababu moja tu: kwenye kikao cha maandalizi, mimi ndiye mtu mzima pekee niliyejua pedi ya kuchezea gemu inashikwaje. Kambi ya teknolojia, wiki mbili, watoto 30 wa miaka 7 hadi 15, na kila siku saa moja na nusu ya michezo katikati ya vipindi vya programu na roboti. Nikajiambia kazi yenyewe nyepesi hii. Nageuza jalada, nasoma namba ya umri, nagawa. Ninayoandika hapa ni ya yeyote atakayetupiwa mzigo kama huo.

Nianze na sifa, maana namba zenyewe zinastahili. Nilitumia mifumo miwili. PEGI ya Ulaya, iliyoanza 2003, ina ngazi tano: 3, 7, 12, 16 na 18. ESRB ya Marekani ni kongwe zaidi. Iliundwa 1994, mwaka mmoja baada ya maseneta kuwaweka kitako watengenezaji wa gemu kwa ajili ya damu ya Mortal Kombat, gemu ya mapigano, na yenyewe hutumia herufi: E ni ya kila mtu, E10+ kuanzia miaka 10, T kuanzia 13, M kuanzia 17. Kwa kuchuja, zinachuja barabara. Siku ya kwanza vijana waliniletea orodha ya gemu 14 walizozitaka, na Grand Theft Auto V, ambayo ni 18 kwa PEGI na M kwa ESRB, ilikuwa juu kabisa. Nusu saa baadaye orodha imebaki na 7 na sijagombana na mtu. Jalada lilinisemea.

Kosa langu lilikuwa kuigeuza namba hiyo kuwa ratiba.

Siku ya pili niliwapa wadogo, wale wa miaka 7 hadi 9, gemu ya kilimo yenye alama ya 3. Nani angebisha? Hakuna risasi, hakuna matusi, kuna ng'ombe na mvua. Lakini kila hatua ilikuja na aya nzima ya maelezo, na bei za mazao za kulinganisha. Dakika kumi hazijaisha, wawili wako chini ya meza wanacheza mchezo wao wenyewe, na mmoja ameuza mifugo yote bila kujua amebonyeza nini. Nilipokwenda kusoma vizuri nikakuta PEGI wenyewe wanasema bayana kwamba namba haipimi ugumu wa gemu. Inakwambia humo ndani hakuna kisichomfaa mtoto wa miaka 3. Kama ataelewa anachofanya, hilo ni lako wewe.

Halafu mifumo yenyewe haikubaliani kila mara. Minecraft, gemu ya kujenga dunia kwa vitalu, ni 7 kwa PEGI, E10+ kwa ESRB. Mtoto wa miaka 8 aende na nani? Mwanzoni nilikuwa nachukua iliyo kali zaidi na kulala usingizi. Siku hizi naanza na maneno madogo yaliyo chini ya namba, yale yanayotaja kilichosababisha alama: ukatili wa kubuni, vitisho, lugha chafu, ununuzi ndani ya gemu. Hayo ndiyo yenye habari. Na kuna sentensi moja ya ESRB ambayo ningeichapisha kwa herufi kubwa nikaibandika mlangoni: maingiliano ya wachezaji mtandaoni hayajapimwa. Kwa hiyo herufi iliyo kwenye jalada haimjui yule mtu mzima asiyefahamika anayeongea kwenye hedifoni ya mtoto wako.

Gemu za mpira wa miguu zilinifundisha hilo la maneno madogo. Alama yake 3, na kwa haki kabisa, mpira ni mpira. Lakini ndani ya FIFA kulikuwa na pakiti za wachezaji unazonunua kwa pesa halisi bila kujua utampata nani. Mwaka 2018 Ubelgiji ilizihesabu kama kamari, na Januari 2019 EA, kampuni yenye gemu hiyo, ikaacha kuuza huko sarafu za kununulia pakiti hizo. Kambini dawa ilikuwa fupi: nilichomoa waya wa intaneti. Mechi ya watu wawili kwenye sofa haihitaji mtandao, na hakuna hata mmoja aliyelalamika.

Aliyelalamika ni mwingine, kijana wa miaka 15, kuhusu Fortnite. Kila asubuhi. “Mwalimu, PEGI imeandika 12, ESRB imeandika T. Mimi nina 15. Namba inaniruhusu.” Na ilimruhusu kweli, sikuwa na hoja upande huo. Hoja yangu ilikuwa kwenye saa ya ukutani. Fortnite ya vita vya wachezaji 100 huwezi kuisimamisha katikati. Mwenye bahati anacheza dakika 20, mwenye mkosi anakufa ya pili, kisha anakaa kumtazama mwenzake. Sasa weka vijana 10 na mashine 3. Hao 7 waliobaki wafanye nini? Watafanya fujo, na watakuwa na haki.

Hapo ndipo nilipoanza kuzipima gemu kwa vitu viwili ambavyo jalada haliandiki: raundi moja ni dakika ngapi, na anayesubiri zamu anapata nini. Yule kijana nilimpa Rocket League, mpira unaochezwa kwa magari. Mechi ni dakika 5, skrini moja inagawanyika kwa wachezaji 4, na anayetazama anaona kila kitu. Akanuna siku moja. Siku ya pili alikuwa kocha wa timu, amesimama nyuma ya sofa anapiga kelele kuliko wachezaji.

Kwa umri uliochanganyika, Mario Kart 8 Deluxe ndiyo iliyofanya kazi kuliko zote. PEGI 3, mbio fupi, watu 4 skrini moja. Ila siri yake imefichwa kwenye mipangilio: kuna usukani unaojirekebisha, unaomzuia mchezaji asitoke barabarani, na unaweza kuliacha gari lijiendeshe mbele lenyewe. Binti wa miaka 7 alishindana na mvulana wa 14 akamaliza wa pili. Hakujua anasaidiwa. Mvulana alijua, akanyamaza, na kwa hilo nilimpenda sana.

Minecraft niitaje kwa aibu. Niliandaa dunia moja ya pamoja kwa wadogo na wa kati, ya ujenzi tu, mazimwi nimeyazima. Nikasahau baruti. Siku ya nne, mtoto wa miaka 8 aliyekuwa amejenga nyumba siku mbili, ghorofa mbili na zizi la kondoo, alirudi kutoka kunywa maji akakuta shimo. Mwenzake wa miaka 11 alitaka tu kuona itakuwaje. Mpangilio wa kuzuia baruti isilipuke upo, ni kitufe kimoja, mimi ndiye sikuufungua ukurasa ule. Na sikuwa na nakala ya dunia ile. Tuliijenga upya sisi watatu, aliyelipua akiwa mbeba mawe, mchana mzima. Tangu siku hiyo naweka nakala kila jioni kabla sijazima taa. Ukiniuliza kama Minecraft inafaa kambini, nitasema inafaa sana, lakini ichezwe na mtu mzima kwanza, tena kwa nia mbaya, kama atakavyoicheza yule mtundu.

Upande wa shughuli, Scratch, lugha ya programu ya kuunganisha vitalu vya amri, ilibeba nusu ya kambi. Ilitoka chuo cha MIT, Marekani, mwaka 2007, ni ya bure, imelengwa kwa miaka 8 hadi 16, na wale wadogo zaidi wana ScratchJr ya miaka 5 hadi 7. Inafanya kazi hata bila mtandao ukishaipakua. Na jambo ambalo wakufunzi wenzangu wawili hawakulijua: kwenye orodha yake ya lugha kuna Kiswahili. Nilipokibadilisha, watoto wa mstari wa nyuma, wale wanaokaa kimya kwa kuogopa kuulizwa maana ya neno, walianza kubishana na vitalu vya amri kwa sauti.

Kuna mmoja, wa miaka 9, alitaka paka wake aingie jukwaani kutokea kushoto. Akaandika 500 kwenye nafasi ya mlalo. “Mwalimu, paka amebaki mkia!” Kweli, alikuwa amejibanza ukingo wa kulia, mkia tu unaonekana. Jukwaa la Scratch linaishia 240 kila upande. Akashusha: 200, 100, 50, 10, 0. Paka akafika katikati akakwama. Mtoto akaitazama ile sifuri muda mrefu, akaniuliza namba zimeishia wapi. Sikumjibu, na kujizuia huko ni kazi ngumu kuliko kufundisha. Jirani yake akamnong'oneza aweke kijistari mbele. Akaandika -200, paka akaruka kushoto kabisa, na yeye akasimama kwenye kiti. “Kumbe kuna namba nyuma ya sifuri!”

Sasa la mwisho, ambalo sikulipangia kabisa. Siku ya nane mashine zote tatu ziliamua kwa pamoja kwamba zinataka masasisho, na zilikula muda wote wa michezo. Nilikuwa na kadi za karatasi, nyeusi upande mmoja na nyeupe upande wa pili, za mchezo mmojawapo wa CS Unplugged, mkusanyiko wa bure wa kufundisha kompyuta bila kompyuta uliotokana na Chuo Kikuu cha Canterbury, New Zealand. Mtoto anapanga kadi 25, mistari 5 kwa 5, ovyo anavyotaka. Mimi nasema ngoja niongeze kidogo iwe ngumu, naweka mstari wa sita chini na wa sita pembeni. Nageuka. Anapindua kadi moja. Nageuka tena, naonyesha kidole: hii hapa. Wakubwa, ambao mpaka hapo walikuwa wameegemea ukuta, walisogea wote. Walitafuta kioo dirishani, wakamfunika macho mwenzao aliyedhaniwa ananipa ishara. Iliwachukua dakika 40 kugundua kwamba kadi nilizoongeza hufanya kila mstari uwe na nyeusi za idadi shufwa, kwa hiyo ukipindua moja, mstari mmoja wa mlalo na mmoja wa wima unakuwa witiri, na zinapokutana ndipo kadi ilipo. Kompyuta hutumia ujanja wa jamii hiyo kukamata data iliyoharibika njiani. Mchezo ule hauna namba ya umri popote, na uliwafaa wa miaka 8 na wa miaka 15 kwa siku ile ile.

Yule kijana wa Fortnite alimaliza kambi kwa kutengeneza gemu yake kwenye Scratch: kukwepa vimondo. Alichora jalada, na pembeni akaweka alama yake mwenyewe, 3. Tukampa binti wa miaka 7 aijaribu. Akafa mara sita mfululizo, akarudisha kipanya mezani, akasema hii ni ya wakubwa. Kijana akaangalia ile 3 yake, akaangalia vimondo, akapunguza mwendo kutoka 10 hadi 4, akamrudishia kipanya.