Redio ya Biblia ya sola: miezi 7 jikoni kwa mama

Nilimnunulia mama kifaa hiki Desemba, tulipokuwa tunapanda Moshi kwa ajili ya Krismasi. Sikuandika mapema kwa sababu nilitaka nione kama kitadumu, na kwa sababu nilikuwa nasubiri ruhusa yake. Siwezi kukieleza bila kueleza alichokifanya mama wakati wa Kwaresima.

Mama ana miaka 78 na mtoto wa jicho macho yote mawili. Biblia yake yenye jalada jeusi imekaa mezani tangu mwaka juzi haijafunguliwa. Wajukuu humsomea wakija likizo, ila mtoto anasoma sura moja huku masikio yake yako nje kwenye mpira. Nikaambiwa kuna redio za Biblia, nikaipata moja Dar kwa shilingi 70,000.

Yenyewe ni ndogo, inatoshana na kipande cha sabuni ya kufulia. Mgongoni ina sola, ubavuni tundu la chaja, na mbele ina tochi ambayo mama anaitumia kwenda kufunga mbuzi. Vitabu vyote 66 vimo, kwa maneno ya Union Version, ile tafsiri ya Kiswahili ya zamani, na hapo ndipo iliponifurahisha zaidi. Mama anagomba Kichaga lakini anasali kwa Kiswahili cha Biblia hiyo. Msomaji akianza mstari, yeye anaumalizia kabla yake. Sauti ni safi, wasomaji hawakimbii, na ukiiweka juu ya kinu kilichofunikwa inasikika jiko zima hata mvua ikipiga bati.

Kasoro zipo. Vitufe vimeandikwa Kiingereza kwa herufi ambazo hata mimi zilinishinda, ikabidi nipake rangi ya kucha kitufe cha kusogeza sura ili mama akijue kwa kidole. Sola inataka jua kali. Kwetu mlimani kuanzia masika mpaka Julai hii ni ukungu tu, kwa hiyo tunachaji kwa chaja ya simu. Halafu haiendi kwa mistari, inaenda kwa sura. Ukitaka mstari mmoja, usikilize sura yote. Mwenye kuandaa mahubiri hii itamchosha. Kwa mama yangu, nashukuru Mungu kwamba haikuweza kuruka.

Wiki ya tatu ya Kwaresima alinipigia saa nne usiku, saa ambayo huwa ameshalala. Akasema, "Mwanangu, ule mpaka wa juu niliusogeza mimi."

Nilikaa kitandani nikiwa na simu sikioni, sina la kusema. Kihamba chetu, yaani shamba la ukoo linalozunguka nyumba, kinapakana na cha marehemu baba mkubwa. Baba alipofariki mwaka 2010, mama aliachwa na watoto wanaosoma. Masika iliyofuata aling'oa masale, mimea inayoonyesha mpaka, usiku, akayapanda hatua mbili upande wa mama mkubwa. Akajipatia migomba minne na mibuni mitatu. Mama mkubwa alilalamika, wazee wakaja, mama akakana mbele yao. Tangu hapo walisalimiana kanisani tu, na miaka yote hiyo wakipiga magoti kwenye meza moja ya Bwana.

"Nimesikia habari za Zakayo," akaniambia. "Anarudisha mara nne alichonyang'anya watu. Sasa nikishalipa, ndipo Mungu atanisamehe?"

Mimi nimepata kipaimara. Nilifundishwa kwamba Martin Luther, mwanzilishi wa Ulutheri, katika hoja zake 95 za mwaka 1517, alianza kwa kusema maisha yote ya mwamini yawe ya kutubu. Nilipoulizwa hoja hiyo darasani nilijibu vizuri, mchungaji akanisifu. Lakini usiku ule nilishindwa kumjibu mama yangu. Nikamwambia nakuja.

Jumamosi tulikaa jikoni, nikaisogeza redio mpaka Luka 18. Zakayo yuko 19, lakini nilitaka tumfikie kwa njia. Tukamsikia kwanza yule mtoza ushuru hekaluni, amesimama mbali, hathubutu kuinua macho: "Ee Mungu, uniwie radhi mimi mwenye dhambi." Hana alicholeta mkononi. Sura inaishia na kipofu wa Yeriko anayepiga kelele njiani, watu wanamkemea, naye anazidi. Akaambiwa, "Upewe kuona, imani yako imekuponya." Mama, na macho yake yale, aliacha kuchambua maharage. Alishika ungo tu.

Kisha Yeriko ile ile, mkubwa wa watoza ushuru juu ya mkuyu. "Zakayo, shuka upesi, kwa kuwa leo imenipasa kushinda nyumbani mwako." Tulisikiliza mpaka mwisho, nikarudisha sura, tukasikiliza tena. Mara ya pili mama akainua mkono nizime.

"Yesu ameingia kabla huyu hajarudisha hata senti," akasema. Akanyamaza. "Basi na mimi ameshaingia."

Nimesikia mahubiri mengi ya toba yanayomtia mtu hofu mpaka anajificha zaidi, na mengine ya imani ambayo ni kunyoosha mkono kisha kwenda nyumbani ulivyokuja. Pale jikoni niliona toba na imani vinakwenda pamoja. Mama hakuweza kukiri mpaka alipoamini kwamba anayemkiria anampenda, na alipoamini hakuweza kukaa na ile migomba. Paulo anawauliza Warumi kama hawajui kwamba wema wa Mungu wakuvuta upate kutubu. Neno hilo wakuvuta nilikuwa nalipita nikisoma. Sasa nimemwona mtu anavutwa.

Kwa wasio Wachaga, isale ni mmea wa majani marefu tunaoupanda mipakani. Jani lake ndilo linalopelekwa pia mtu anapoomba msamaha, na ukiletewa isale ni vigumu sana kumfukuza aliyelileta. Asubuhi ya Jumapili, kabla ya ibada, mama alikata jani kwenye masale yale yale aliyoyahamisha. Nilimshika mkono tukapanda kwa mama mkubwa, mvua inanyesha. Alisimama mlangoni na jani mikononi, akasema yote, usiku ule wa kung'oa na uongo mbele ya wazee. Hakutaja watoto waliokuwa wanasoma, wala ujane. Nilidhani atajitetea kidogo, hakujitetea.

Mama mkubwa alilitazama lile jani muda mrefu. Nilisikia maji yakidondoka kwenye ukingo wa bati. Akalipokea. Akasema, "Ingia, mvua inakunyeshea."

Masale yamerudi mahali pake. Wajukuu waliyapanda Jumatatu ardhi ikiwa laini. Mama alitaka kulipa mara nne kama Zakayo, mama mkubwa akakataa, wakakubaliana migomba na mibuni irudi pamoja na mbuzi jike mmoja. Siku iliyofuata ibada ya Pasaka nilimkuta mama akiimba jikoni, na mimi kumbukumbu yangu ya mwisho ya mama kuimba jikoni ni ya baba akiwa hai.

Basi nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeizuia kwa ajili ya vitufe, maana wazee ndio wanaonunuliwa vifaa hivi na wengi wao hawaoni. Betri bado ni nzima baada ya miezi 7, inasoma kutwa bila kuchajiwa. Ikidondoka haijali, imeshadondoka mara mbili sakafuni. Nunua pamoja na chaja ya ukutani kama mnaishi penye ukungu, na kabla hujaipeleka kijijini weka alama kwenye kitufe cha sura, kaa na mzazi siku moja umshike kidole mpaka kizoee.

Jioni sasa wanasikiliza wawili. Mama mkubwa anasikia kidogo kwa sikio la kushoto, kwa hiyo redio inakaa upande wake. Wiki iliyopita walikuwa wamefika Warumi, na wameniomba niwaletee betri ya akiba.