Rangi ya Kuzuia Kutu Kwenye Lori: Kagua Ukingo Kabla ya Kuchagua Kopo

Malalamiko ya wasomaji kuhusu rangi za kuzuia kutu kwenye malori yanafanana mno. Mtu amelipa pesa nzuri, chasisi imepakwa ikang'aa, na kabla mwaka haujageuka kutu inachungulia. Nikitumiwa picha, ninakuta jambo lile lile: bapa la chuma ni zima kabisa, kutu imeanzia ukingoni. Kwenye makali ya mabano ya tangi, kwenye midomo ya matundu ya boliti, kwenye ncha za vyuma vya madigadi.

Kwa hiyo hapa sitajadili mng'ao wala rangi hukauka kwa saa ngapi. Hayo muuzaji atakueleza hata usipouliza. Mimi nimepanga bidhaa hizi kwa swali moja: ukingoni inafanya nini?

Rangi ya majimaji ikiwa bado mbichi hujivuta kutoka kwenye makali. Ukipima katikati ya bapa unaweza kukuta mikroni 200 (mikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita), huku ukingoni umebaki utando mwembamba tu, na hapo ndipo mawe ya barabarani hupenda kugonga. Chuma kilichokatwa kwa leza ya oksijeni ni kibaya zaidi. Ukingo wake hubaki na ngozi nyembamba ya oksidi. Rangi huishika ngozi hiyo vizuri, lakini ngozi yenyewe haikushika chuma, basi vyote viwili hubanduka pamoja na wewe ukamlaumu mtengenezaji wa rangi. Ngozi hiyo iondolewe kwa grainda, kisha ukingo uviringwe. Viwango vya ISO 12944, vya kimataifa vya kulinda chuma kwa rangi, vinataka kingo za kazi nzito ziviringwe kwa nusu kipenyo kisichopungua milimita 2. Baada ya hapo kingo, mishono ya kuchomelea na matundu vipakwe kwanza kwa brashi, ndipo bunduki ya kupulizia ipite juu ya kila kitu. Fundi akikwambia brashi ni kupoteza muda, mtafute mwingine.

Nafasi ya kwanza naipa zinki ya moto, yaani kipande kizima kuzamishwa kwenye zinki iliyoyeyuka, yenye joto la takriban nyuzi 450. Haina mpinzani kwa mabano, bampa, ngazi na fremu za trela. Zinki hapo haikai juu ya chuma tu, inaungana nacho, na fuwele za muungano huo huota zikiwa zimesimama wima kutoka kwenye uso. Ndiyo maana ukingoni unene haupungui kama wa rangi. ISO 1461, kiwango cha zinki ya moto, inataka wastani usiopungua mikroni 85 kwa chuma kinachozidi unene wa milimita 6. Tena zinki huingia ndani ya mabomba, mahali ambapo hakuna bunduki itakayofika.

Ina masharti yake. Kipande chenye uwazi ndani lazima kitobolewe matundu ya kupumulia, kwa sababu hewa na unyevu vilivyofungiwa vinaweza kulipuka ndani ya beseni na kuua mtu. Springi na boliti ngumu usizipeleke huko: asidi ya kusafishia huingiza haidrojeni kwenye chuma kigumu, nacho huja kukatika ghafla kikiwa na mzigo. Reli za chasisi za chuma kilichopitishwa kwenye moto ili kiwe kigumu nazo zisiguswe bila idhini ya aliyelitengeneza lori. Na ukitaka kupaka rangi juu ya zinki, epuka rangi za mafuta za aina ya alkidi. Zinki huzigeuza kama sabuni pale zinapogusana, na rangi inabanduka vipande vipande.

Ya pili ni praima, yaani rangi ya msingi, ya epoksi yenye zinki nyingi, juu yake epoksi ya kawaida, kisha poliurethani ya kuzuia jua. Hii ndiyo ya lori ambalo tayari liko kazini na huwezi kulibomoa lote. Hapa sifichi upendeleo wangu: nachagua praima ya Hempadur Avantguard 750 ya kampuni ya Hempel. Praima nyingi za zinki huwa na zinki ambayo sehemu yake kubwa haifanyi kazi yoyote, imefunikwa na gundi ya epoksi. Hempel waliongeza vipira vidogo vya kioo vilivyo tupu ndani pamoja na kichochezi, ili zinki nyingi zaidi ishiriki, na chumvi zinazozaliwa zinki inapolika zizibe nyufa ndogo. Kwa chuma kinachojipinda siku nzima kama chasisi, nyufa ndogo ndiyo habari yenyewe. Lakini hata hii ninayoipenda haifai kitu juu ya kutu. Chuma kipigwe mchanga hadi kiwango cha Sa 2½, yaani kibaki karibu cheupe, na madoa hafifu tu. Na anayepulizia poliurethani avae barakoa inayoletewa hewa safi, kwa maana isosayaneti, kemikali iliyo kwenye hadena (dawa ya kuigandisha rangi), huharibu mapafu.

Boliti na nati zina dawa yao, mipako ya vigamba vya zinki kama Geomet. Ni myembamba, mara nyingi mikroni 10 hivi, nyuzi za boliti hazizibi, na mchakato wake hauingizi haidrojeni. Lipia tofauti ya bei bila kusita.

Rangi ya unga, ile inayopulizwa ikiwa kavu kisha ikaokwa, naiweka chini, na najua wengi wataudhika. Inapendeza kweli, lakini jiwe likiitoboa ukingoni maji hutambaa chini yake, na unakuja kuibandua kama ganda huku chuma kimeshaliwa. Halafu unene wake. Ikipakwa nene mahali rimu inapokutana na habu, rangi husagika na kubonyea, nati zinalegea, gurudumu linatoka. Sehemu hizo zizibwe kabla ya kupaka. Wapakaji wangapi huziziba?

Rangi nyeusi ya lami, ya bei rahisi: ni ya mwaka mmoja, na huficha kutu inayoendelea chini yake. Basi.

Kinachoniudhi zaidi ni vyeti vya ukungu wa chumvi. Muuzaji anakutolea karatasi yenye saa elfu moja kana kwamba ni hati ya kiwanja. Jaribio hilo, kwa mujibu wa ISO 9227, hupuliza maji yenye chumvi asilimia 5 kwa nyuzi 35 juu ya vibapa vidogo, na kingo za vibapa hivyo huzibwa kabla ya kuanza, ili zisiharibu matokeo. Yaani mahali lori lako litakapoanza kuoza ndipo ambapo hawakupima. Bei bado inapandishwa kwa karatasi hiyo.

Wengine huandika "zinki" kwenye kopo kwa sababu tu rangi ni ya kijivu. ISO 12944 haiiti praima kuwa ya zinki nyingi mpaka vumbi la zinki lifike asilimia 80 ya uzito wa rangi iliyokauka. Omba karatasi ya kiufundi, utafute namba hiyo. Ikiwa haipo, au ni ya rangi ikiwa bado mbichi ndani ya kopo, mrudishie kopo lake hapo hapo kaunta.