Nyundo nane kwenye gurudumu la Villard: uzoefu wangu na picha za mashine za mwendo wa milele

Gurudumu la Villard de Honnecourt, mchoraji Mfaransa wa karne ya 13, ni mchoro wa mashine inayodaiwa kuzunguka yenyewe bila kukoma, na lina nyundo saba. Mwenyewe aliandika palepale kwenye ukurasa wa daftari lake la michoro, miaka ya 1230 hivi, kwamba gurudumu litajizungusha kwa nyundo za idadi ya witiri, au kwa zebaki. Picha niliyouziwa kama "nakala halisi ya kisanaa" ina nyundo nane.

Shika lenzi ya kukuza mara 10 utaona walichofanya. Kila mahali kalamu ilipotetemeka upande wa kushoto, imetetemeka vilevile upande wa kulia, imegeuzwa tu kama kwenye kioo. Aliyeandaa faili alichukua nusu yenye nyundo nne, akaifuatisha upya kwa programu, akaibandika juu ya nusu yenye tatu. Nne na nne, nane.

Hoja nzima ya mashine ile imekaa kwenye nne kwa tatu. Nyundo inayofika juu iangukie mbele mapema, upande unaoshuka uwe na nyingi kuliko unaopanda. Haifanyi kazi, kwa sababu kinachozungusha gurudumu ni uzito mara umbali wake kutoka kwenye ekseli, si hesabu ya nyundo; nyundo chache zilizonyooka mbali zinasawazisha nyingi zilizoning'inia karibu, gurudumu linapata mahali pa kutulia, na msuguano unamaliza kilichobaki. Lakini hilo ni kosa la mtu aliyefikiri. Ukiweka nne kwa nne umefuta fikra yenyewe, na unaniuzia pambo.

Na maandishi yake hayapo! Ukurasa ule, uliohifadhiwa katika maktaba ya taifa ya Ufaransa mjini Paris, ni wa ngozi, takriban sentimita 24 kwa 16. Uwiano huo ni 3 kwa 2, kwa hiyo ukikuzwa hadi upana wa sentimita 40, urefu wake ni 60. Wao wanauza 40 kwa 50 kwa sababu fremu zao ndizo hizo. Sehemu ya sita ya ukurasa imekatwa, na mistari ya maandishi iliyobaki wameifuta kwa "kusafisha". Kisha wakapaka rangi ya chai juu ya yote ili ionekane ya kale.

Nilipoandika kulalamika, jibu lilikuwa hili: "Mpendwa mteja, hiyo ni picha ya ukutani, nani atahesabu nyundo?" Mimi nitahesabu. Anayenunua mchoro wa mashine anaununua ili asome mashine.

Ajabu ni kwamba picha ya pili kwenye oda ileile ni nzuri kupindukia. Ni kinu cha Georg Andreas Böckler, kutoka kitabu chake cha mitambo kilichochapwa Nürnberg mwaka 1661: maji yanashuka kutoka tangi la juu, yanazungusha gurudumu, gurudumu linazungusha mawe ya kunolea na, kupitia gia, skrubu ya Archimedes inayorudisha maji juu. Maji yale hayawezi kutoa zaidi ya nguvu inayohitajika kuyapandisha tena, sembuse kunoa vyuma. Lakini tazama uchapaji! Mchoro wa bamba la shaba ndio mtihani mgumu kuliko yote, kwani vimistari vya kivuli vimebanana, na faili dogo likikuzwa vinaungana kuwa madoa au kutoa mawimbi ambayo mchongaji hakuyaweka. Hapa kila kimistari kimesimama peke yake. Karatasi ni ya pamba, nzito, haina mng'ao, nyeusi ni nyeusi kweli. Nilikuwa tayari kuwasamehe.

Mpaka nilipogeuza nyuma ya fremu. Kwa hasira niliyokuwa nayo labda ningeona ubaya popote, ila hili ni ubaya kweli: picha imebandikwa yote kwa gundi kwenye hadibodi, na kioo kimeigusa. Kwa unyevu wa Pwani huku, pamba inavimba na kusinyaa. Ikizuiwa na gundi inajikunja, na inapogusa kioo inanata, ukiivuta wino unabaki kwenye kioo. Hadibodi nayo ina asidi, italeta umanjano. Inatakiwa vipande viwili tu vya karatasi laini ya Kijapani na gundi ya wanga wa ngano kwenye ukingo wa juu, kadi isiyo na asidi nyuma, na kadi yenye dirisha mbele, ya milimita 2 angalau, ili kioo kikae mbali.

Agizeni bila fremu, basi. Na kabla ya kulipa waulizeni mchoro umetoka maktaba gani, ukurasa upi, na faili lina pikseli ngapi. Kwa sentimita 40 kwa 60, ukitaka pikseli 300 kwa kila inchi, ni takriban 4,700 kwa 7,100. Wakikwepa, msinunue. Kwa Böckler peke yake ningewapa nyota nne, hata tano. Nimewapa moja, na sitaibadilisha hadi nirudishiwe pesa za Villard.