Uji wa Lishe au Boga la Kuponda: Mtoto wa Miezi 6 Aanze na Kipi?

Mtoto akitimiza miezi 6, maziwa ya mama peke yake hayamtoshi tena, ingawa Shirika la Afya Duniani linahimiza aendelee kunyonyeshwa hadi miaka 2 au zaidi. Hapo ndipo kinamama wa Unguja na Pemba hugawanyika: wengine huanza na uji wa lishe, wengine na boga la kuponda.

Kwa gharama, boga na viazi vitamu ni nafuu kwa mwenye konde lake.

Kwa virutubisho, jambo linahitaji uangalifu. Boga na viazi vyenye rangi ya chungwa humpa mtoto vitamini A, lakini madini ya chuma ni haba humo, kwa hiyo ongeza samaki aliyepikwa, ukimpekua miba kwa vidole, kipande kwa kipande, kisha umponde pamoja na boga. Unga wa uji wa lishe, yaani wa nafaka na karanga, hushibisha vyema, ila nafaka na karanga zilizowekwa penye unyevu huweza kuingia sumukuvu, yaani sumu itokanayo na ukungu, ambayo moto wa jikoni hauiondoi. Ndiyo maana napendelea karanga nilizozichagua mwenyewe. Uji nao uwe mzito, usiochuruzika kwenye kijiko, kwani uji mwepesi hujaza tumbo bila kulisha. Asali asipewe kabla ya mwaka 1.

Kwa hifadhi, unga mkavu hushinda. Mama anayemwacha mtoto kwa bibi akaenda kazini atanufaika nao, huku anayeshinda nyumbani akiweza kuponda boga kila mlo.