Kisanduku cha serikali saba: mihula miwili na kidato cha kwanza

Kisanduku hiki cha michezo ya kufundishia historia niliagiza kwa wifi yangu anayeishi Uingereza, akaja nacho likizo ya Desemba. Kwa nje kimeandikwa kinafaa watoto wa miaka 11 hadi 14, darasa la watu 30, dakika 45. Mimi nafundisha Historia kidato cha kwanza huku Lushoto. Mkondo wangu una wanafunzi 62 na kipindi ni dakika 40, ukitoa zile za kumsubiri aliyetumwa chaki. Soma maoni yangu ukijua hilo.

Ndani mna michezo saba ya kuigiza: Misri ya Mafarao, Sparta, Athens, Roma, ufalme wa Uingereza, Mapinduzi ya Ufaransa, na wa mwisho bunge la siku hizi. Kuna kadi za majukumu, tepe za rangi, mfuko wa maharage meusi na meupe, vigae vya plastiki vya kuandikia majina, na bango. Bango nitalirudia, nina ugomvi nalo.

Athens ndiyo inayobeba kisanduku kizima. Mchezo unaanza kwa mwalimu kuwaondoa wasio raia. Wasichana wote 35 wakasimama ukutani, midomo kufuli. Wakafuata waliopewa kadi za utumwa, kisha wageni wakaazi, hata waliozaliwa pale pale mjini. Wakabaki wavulana 11 wenye utepe wa kijani, wamevimba vichwa ghafla. Swali walilopewa ni la kweli: mwaka 483 KK migodi ya Laurion ilitoa madini mengi ya fedha. Je, igawanywe, kila raia apate drakma 10, au wamsikilize mwanasiasa wao Themistocles wajenge merikebu za vita?

Wangu wakagawana. Hawakujadili hata dakika tatu. Waathene wenyewe walikubali merikebu, na mwaka 480 KK ndizo zilizowaokoa na Waajemi pale Salamis. Nilipofungua kadi ya Waajemi darasa likapiga kelele hadi mwalimu wa zamu akachungulia dirishani. Lakini kilichonifanya niuone mchezo huu una thamani ni mvulana mmoja mwenye kadi ya utumwa, aliyenyoosha mkono kule ukutani: "Madam, mgodini tulichimba sisi. Mbona hatukuulizwa?" Msichana wa pembeni yake akadakia, "Na bado wanaita demokrasia!" Nimefundisha maana ya neno hilo kwa miaka kadhaa, "utawala wa watu", wanafunzi wanaliandika daftarini na kulikariri. Hakuna aliyewahi kuniuliza watu gani.

Mchezo wa vigae unafuata hapo hapo, na hapa niwape tahadhari ambayo kitabu cha mwalimu hakina. Waathene waliweza kumfukuza mtu mjini kwa miaka 10 kwa kuandika jina lake kwenye kigae cha chungu, bila mashtaka wala utetezi. Mwanasiasa Aristides alifukuzwa hivyo mwaka 482 KK, na mwandishi wa kale Plutarch anasimulia kwamba mtu asiyejua kuandika alimwomba Aristides mwenyewe amwandikie jina la Aristides, kwa kuwa amechoka kumsikia akiitwa Mwenye Haki. Darasa lilicheka sana kisa hicho. Kisha wakapewa vigae, wakamfukuza monita wao kwa kura 41. Kosa lake? Anaandika majina ya wapiga kelele. Yule kijana alitabasamu mbele yao, lakini kwa siku mbili hakuzungumza na mtu, na ilibidi nimwite pembeni tukakaa chini ya mti tukaongea. Kosa ni langu kwa kuwaacha waandike majina ya kweli. Tumieni majina ya kwenye kadi.

Roma sikuipenda. Wafalme walifukuzwa 509 KK, wakaja makonsuli wawili wa mwaka mmoja mmoja, kila mmoja anaweza kumzuia mwenzake, na watetezi wa makabwela nao wana neno lao la kuzuia. Kwenye kadi yote hayo yamekuwa sheria ndogondogo nyingi mno, nusu ya darasa ikasinzia. Sparta niliipitisha kwa dakika kumi, wafalme wawili kwa pamoja, wakashangaa, tukaendelea.

Uingereza ilichangamka kwa sababu ya Mfalme John. Kadi inaieleza Hati Kuu (Magna Carta) ya 1215 kama siku uhuru ulipozaliwa, lakini nyuma yake, kwa maandishi madogo, inakiri kwamba Papa aliibatilisha mwaka ule ule kwa ombi la mfalme huyo huyo. Aliyeigiza mfalme alitia sahihi kwa mkono wa kulia na kwa wa kushoto akampa rafiki yake barua ya kwenda Roma. Ufaransa nayo ni nzuri: mwaka 1789 mapinduzi, 1793 mfalme kakatwa kichwa, na 1804 anasimama kaizari. "Madam, sasa walimuua wa kwanza wa nini?" Sikuwa na jibu fupi.

Sasa bango. Limechorwa ngazi. Chini kabisa Farao, juu kabisa bunge, na vijana wanapanda wakitabasamu. Afrika yote iko kwenye kidato cha kwanza cha ngazi, na ni Misri peke yake. Hapo mtoto anajifunza mambo mawili ya uongo kwa siku moja: kwamba serikali hupanda tu, haishuki, na kwamba kwao kulikuwa kitupu mpaka alipofika mtu na bendera. Wakati Ufaransa iliyomo humo humo kisandukuni imeshuka ngazi mbele ya macho yao! Bango nililigeuza, upande mweupe nikautumia kwa ramani.

Kadi za kuziba pengo nilizichapisha steshonari. Sikwenda mbali, nilichukua Usambara yenyewe. Mfalme Kimweri ye Nyumbai alitawala toka Vuga, makao yake makuu, hadi alipofariki mwaka 1862, wanawe akiwa amewaweka kuwa watawala wa maeneo, na mfalme akihesabiwa kuwa mwenye uwezo juu ya mvua. Baada yake mjukuu wake Shekulwavu akakalia Vuga, lakini Semboja, mmoja wa wana, alikuwa Mazinde, chini bondeni zinakopita misafara, na misafara ilileta bunduki. Nikagawa darasa mara mbili: hawa wana kiti na mila, hawa wana baruti. Kwa mara ya kwanza watoto wakabishana wakitaja vijiji wanavyovijua. Mmoja kesho yake alikuja na maelezo marefu ya babu yake yaliyopingana na kadi yangu, nikayaongeza kwenye kadi kama "upande wa pili".

Mchezo wa mwisho wa bunge niliuacha, ni upigaji kura wa mikono tu. Badala yake nikaweka wetu. Tanganyika huru 1961, jamhuri 1962, uchifu ukafutwa kisheria 1963, Muungano 1964, chama kimoja kisheria 1965. Kisha mwaka 1991 Tume ya Nyalali ikazunguka kuuliza wananchi: tubaki na chama kimoja au viwe vingi? Nikawaambia wakisie walichojibu wengi. Karibu wote wakasema vyama vingi. Nikawaonyesha kwamba zaidi ya robo tatu ya waliotoa maoni walitaka kibaki kimoja, na tume ikapendekeza vingi, na 1992 vikaruhusiwa. Kimya. Halafu zogo. Tume iliwasikiliza watu au iliwapuuza? Kengele ya mapumziko iligonga na wengine hawakutoka, na mimi nimekuwa mwalimu muda wa kutosha kujua hilo ni jambo la nadra.

Ununue? Ukiwa na darasa la 30 na uvumilivu wa kutafsiri, ndiyo. Kila kadi ni ya Kiingereza, na kidato cha kwanza wengi wametoka shule za msingi za Kiswahili, hivyo nilitumia Jumamosi tatu kuandika upya kwa mkono. Darasa la 60 ligawe makundi mawili, moja liwe la waangalizi wenye kuandika, kisha wabadilishane. Nakipa nyota tatu na nusu. Athens peke yake ningeipa tano, bango ningelitoza faini.

Kitu kimoja kimebaki kwa kudumu. Huko Athens Baraza la 500 lilipatikana kwa bahati nasibu, na mtu hakuruhusiwa kukaa humo zaidi ya mara mbili maishani. Wanafunzi wakaomba zamu ya kuosha vyoo ipangwe hivyo hivyo, kwa maharage, na malalamiko ya upendeleo yamekwisha. Maharage ya kisandukuni yalishabunguliwa, nikanunua mengine sokoni. Ukibadilisha, hakikisha meusi na meupe yanalingana ukubwa, kwani wangu walichukua wiki mbili tu kujifunza kuyatambua kwa kupapasa.