Duka la vitu vya ibada la masista, Mbeya: nyota 4 kati ya 5

Hili duka wengi mnalipita tu mkitoka misa, ni kachumba kadogo pembeni ya geti la parokia, upande wa Mwanjelwa, wanauza rozari, mishumaa, medali, sanamu, vitabu vya sala na Biblia. Mi ni mteja toka mwaka juzi na nataka niliandikie vizuri maana lilinisaidia kwa jambo ambalo sikulitegemea.

Mke wangu kwao Tukuyu, Wamoraviani wa damu kabisa, yani Waprotestanti, na kanisa lao lipo kule Rungwe toka 1891 kwahiyo Biblia wanaijua usiombe. Tukiwa msibani kwa bibi yao shemeji akaniona na rozari akaniuliza mbele ya watu, shemeji hivi kwa nini nyie mnaabudu sanamu na mnamuomba Maria badala ya Mungu? Nikakosa neno. Nikasema ndo tulivyokuta wazee wanafanya. Iliniuma wiki nzima, nimebatizwa, nina kipaimara, halafu ninachoamini siwezi kukisema.

Nikaenda dukani kutafuta kitabu. Nikamkuta sista, mama mtu mzima wa Iringa, yeye anakusalimia kamwene hata kama we ni Msafwa, ameinama pale kaunta anagundisha kidole cha sanamu ya Mtakatifu Antoni kwa supaglu, kilivunjika kwenye basi likitoka Dar. Nikamsimulia yote. Kwanza akaniuliza, shemeji yako aliuliza kwa ugomvi au alitaka kujua? Nikasema nadhani alitaka kujua. Basi akaninyanyulia ile sanamu, gundi haijakauka, akasema mwanangu, mungu gani huyu anasubiri mimi nimuunge kidole? Hii ni plasta, inatukumbusha mtu aliyempenda Mungu, ikivunjika imani yangu haijavunjika.

Halafu akafungua Biblia. Kutoka 20 Mungu anakataza sanamu za kuabudiwa, sawa, lakini Kutoka 25 Mungu yuleyule anamwagiza Musa atengeneze makerubi wawili wa dhahabu juu ya sanduku la agano, na Hesabu 21 anamwambia atengeneze nyoka wa shaba. Mi nikafurahi nikajua tumeshinda, sista akasema bado, soma 2 Wafalme 18. Pale mfalme Hezekia anamvunja yule nyoka vipande kwa sababu watu walianza kumfukizia uvumba. Kwahiyo kosa sio kutengeneza, kosa ni kuabudu, na akanitazama akaniambia ukiitundika rozari kwenye gari kama hirizi ya kuzuia ajali basi shemeji yako ana haki ya kukuuliza. Hilo lilinigusa kuliko yote, maana tunaofanya hivyo tupo.

Kuhusu Maria aliniuliza swali moja tu, ukiniambia sista naomba mshumaa, umeniabudu? Halafu sikiliza Salamu Maria yenyewe, tunasema utuombee sisi wakosefu, yani atuombee kwa Mungu, kama unavyomwambia jirani niombee nina mgonjwa hospitali. Hilo neno nalitamka toka niko mdogo na sikuwahi kulisikia.

Nikaondoka na Katekisimu ya Kanisa Katoliki, kitabu cha mafundisho yote ya imani yetu, ile ya Papa Yohane Paulo wa Pili ya mwaka 1992. Nzito, vifungu 2865, lakini kila kifungu kina namba kwahiyo huna haja ya kuisoma kama hadithi, unaenda kwenye swali lako. Namba 971 inasema wazi heshima ya Maria ni tofauti kabisa na kuabudu ambako ni kwa Mungu peke yake, na 2132 inahusu picha na sanamu. Toharani, yani kutakaswa kwa roho baada ya kufa, iko 1030. Na wale wanaosema tunaamini Papa hana dhambi, mafundisho ya kutokosea yalitamkwa na Mtaguso wa Vatikano mwaka 1870 na yanahusu pale anapotangaza rasmi fundisho la imani au maadili kwa Kanisa zima, sio maisha yake. Papa Francis mwenyewe 2014 alipiga magoti hadharani kuungama ndani ya Basilika la Mtakatifu Petro.

Nyota moja nimeitoa kwa sababu hawana lipa namba, bei hazijabandikwa inabidi uulize kimoja kimoja, na Katekisimu ikiisha unasubiri hata wiki tatu mzigo uje. Rozari za mbao nilichukua kwa elfu tatu, imara, yangu haijakatika mpaka leo.

Shemeji nilimpelekea kitabu wakati wa Pasaka, tukakaa nje kwenye mkeka na chai tukasoma ile 971 pamoja, akasema hapa sikubaliani na yote ila kumbe hamuabudu. Kitabu akabaki nacho, sijamdai, kwahiyo Jumamosi narudi kununua kingine. Wanafunga saa sita mchana, beba keshi.