Usiku wa Gander Green Lane: Sutton United na Arsenal, 2017

Emirates, uwanja wa Arsenal, nimeshaingia mara mbili na niliridhika. Lakini mechi ninayoisimulia kila nikirudi Temeke ni ya Sutton United na Arsenal, raundi ya tano ya Kombe la FA, Jumatatu tarehe 20 Februari 2017, kwenye uwanja wa Sutton wa Gander Green Lane. Sutton walikuwa daraja la tano, nafasi 105 chini ya Arsenal. Raundi iliyotangulia waliwatoa Leeds United 1-0, kwa penalti aliyoipiga Jamie Collins.

Tiketi alinipatia mwenzangu wa kazini, mzee anayeifuata Sutton tangu utotoni. Akanipa sharti moja: skafu yangu nyekundu ibaki nyumbani. Mimi ni Arsenal tangu enzi za Kanu, Arsenal wa vibanda umiza, kwa hiyo sharti lile liliniuma.

Kufika ni rahisi: unapanda treni Wimbledon, unashuka West Sutton, unatembea dakika chache katikati ya nyumba za watu, na taa za uwanja zinakuongoza. Vaa nguo nzito. Februari ya London haina huruma kwa mtu aliyesimama kwa muda wa saa mbili.

Tuliingia watu 5,013, wengi wetu wa kusimama. Nilipata nafasi kwenye reli, hatua chache kutoka mstari wa pembeni, na hapo ndipo niliporudishiwa pesa yangu yote. Emirates niliutazama mpira, hapa niliusikia. Nilimsikia kipa akiwapanga mabeki wake, nikasikia njumu zikikwaruza nyasi bandia, na mtu akipiga kichwa unasikia kile kishindo cha mpira na mfupa. Ukaribu kama huo niliwahi kuupata kwenye ndondo tu, kule nyumbani, tukiwa tumesimama juu ya chaki yenyewe.

Dakika ya 27 Lucas Pérez alipiga mpira wa chini, ukawapita wote, ukaingia. Nikanyamaza kama nilivyoahidi. Dakika ya 55 Theo Walcott akafunga la pili, bao lake la 100 akiwa na Arsenal. Nikanyamaza tena, ingawa kifua kilikuwa kinataka kupasuka.

Halafu Roarie Deacon, kijana aliyelelewa kwenye akademi ya Arsenal, akaachia shuti la mbali likagonga mtambaa wa panya. Nilijisikia nikipiga kelele, mikono hewani, kabla mpira haujarudi uwanjani. Nilikuwa nataka uingie. Miaka yote ya kuishangilia Arsenal, na kwa sekunde ile nilikuwa mtu wa Sutton kabisa. Mzee akanishika bega, hakusema neno. Baadaye ndipo aliponihadithia Januari 1989, Sutton walipowafunga Coventry 2-1 kwenye uwanja huohuo, Coventry waliokuwa wamelitwaa kombe hilo mwaka 1987. Alikuwepo. Alionyesha kwa kidole mahali alipokuwa amesimama.

Wengi wanaikumbuka mechi hii kwa kipa wa akiba wa Sutton aliyekula pai kwenye benchi. Mimi sikumwona. Macho yangu yalikuwa kwa Craig Eastmond, aliyewahi kuichezea Arsenal, sasa anakimbia kuizuia. Kwa jinsi alivyokaba usiku ule, ningemlipia kiingilio peke yake.

Filimbi ya mwisho ilipopulizwa, watu wakamiminika uwanjani, nami nikavuka reli pamoja nao. Siku zile Arsenal walikuwa wametoka kupigwa 5-1 na Bayern, na nilikuja nikiwa na hasira nao. Pale katikati ya uwanja sikuikumbuka hata kidogo. Mei 27 walilichukua kombe Wembley kwa kuwafunga Chelsea 2-1, nikalitazama kwenye televisheni.

Nyasi zile bandia hazipo tena. Sutton walipopanda daraja mwaka 2021 ilibidi waziondoe, kwa kuwa kanuni za ligi waliyopanda hazikuziruhusu. Ila usiku ule, nilipovua viatu nyumbani, zilimwagika chembe nyeusi za mpira sakafuni. Chache nilizitia kwenye kibiriti kitupu, na bado ninacho.